Alteneta Kubwa, Waya Mwembamba

Gari langu la kazi ni Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, na kazi yenyewe ni udaktari wa mifugo katika Mkoa wa Tabora. Wafugaji ninaowahudumia wako Kaliua, Urambo na Sikonge, wengi wao ndani ya miombo, mahali ambapo nguzo ya mwisho ya umeme uliipita asubuhi. Kwa hiyo gari linabeba friji ndogo ya chanjo inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, inveta ya kuchajia kompyuta na vifaa vya maabara, taa ndefu ya ziada kwa ajili ya safari za usiku, na feni ya kabini ambayo Oktoba haizimwi. Mzigo huo haukuwamo katika hesabu za waliolitengeneza, na kila fundi niliyemweleza shida ya betri kulala alinipa jibu moja: "Dokta, weka alteneta kubwa, utasahau."

Alteneta, yaani mtambo unaozungushwa na injini ili kuchaji betri, nimeiweka kubwa na inafanya kazi yake vizuri. Ninachopinga ni mpangilio wa ushauri huo. Alteneta ilipaswa kuwa ya mwisho katika orodha, baada ya athi (njia ya hasi inayorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari), nyaya, fyuzi na betri, na mtu akianza nayo, mara nyingi ananunua umeme ambao hauna njia ya kupita.

Kwa ufupi, ndani ya alteneta kuna rota inayozungushwa na mkanda, na rota hiyo ni sumaku ya umeme inayolishwa kwa kaboni mbili zinazosugua kwenye pete zake. Nyaya zilizosukwa kuizunguka, yaani stata ya alteneta, hutoa umeme wa kupanda na kushuka, nao hupita kwenye dayodi sita, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na kutoka ukiwa umenyooka. Rejuleta huangalia volti na kuongeza au kupunguza umeme wa rota, ili betri ipate kiasi cha volti 13.8 hadi 14.5. Kabla ya hapo magari yalitumia dinamo, ambayo injini ikizunguka polepole ilikuwa haichaji karibu kabisa. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza gari la kawaida lenye alteneta, Valiant ya mwaka 1960. Shida ya kuzunguka polepole, hata hivyo, haikuisha. Ilipungua tu, na kwa mtu wa kazi kama yangu hapo ndipo penye mambo.

Namba iliyoandikwa kwenye kibao cha alteneta, tuseme ampea 80, hupimwa alteneta ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mahali penye nyuzi 25 hivi za joto. Baadhi ya watengenezaji huandika namba mbili, kwa mfano 45-80A, na ile ya kwanza ndiyo ya mwendo wa taratibu. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, inazunguka kiasi cha mara 700 kwa dakika, na puli huizidishia alteneta mara mbili na nusu hivi. Haifiki hata mara 2,000. Ongeza joto la chini ya boneti, ambalo peke yake linaweza kunyang'anya robo ya uwezo, na utaona kwamba alteneta ya ampea 80 iliyokuja na gari langu ilikuwa haitoi hata 40 nikiwa nimesimama.

Kazi yangu ni ya kusimama. Siku ya chanjo gari linaegeshwa kando ya josho tangu ng'ombe wa kwanza hadi wa mwisho, injini ikiunguruma sailensa. Mchana hatuwashi taa, lakini friji inakula ampea 5, feni ya kabini 12, na inveta yenye mzigo wa wati 300 inakula kama 25, kwa sababu nayo ina hasara yake ya ndani. Hizo ni ampea 42 kabla ya kuhesabu mahitaji ya gari lenyewe. Kinachopungua kinatoka kwenye betri, kimya kimya, na dereva haoni chochote: taa nyekundu ya dashibodi haiwaki, kwa kuwa alteneta ni nzima. Jioni stata ya kuwashia injini inagoma, na lawama inamwangukia muuza betri.

Dawa ya kwanza haikunigharimu chochote. Kwenye gari hili kuna kitufe cha kuvuta kinachoshikilia mafuta kwa mkono, na wengi hawakigusi kabisa. Nilipokivuta hadi injini ikazunguka mara 1,100 hivi, mita kwenye betri ilipanda kutoka volti 12.7 hadi 13.6, mizigo yote ikiwa inafanya kazi. Dizeli inaongezeka kidogo, hilo sikatai, ila mwenye kufikiria pesa yake anapaswa kupita hapa kwanza kabla ya kwenda dukani.

Baada ya hapo nililipeleka gari kwa fundi umeme mmoja wa Ng'ambo, mzee mwenye tabia ninayoipenda: hafungui kitu kabla hajapima. Aliwasha injini, akaipandisha kidogo, akawasha taa kubwa na feni, kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye bolti ya alteneta ya kutolea umeme na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Hapo mita inaonyesha volti zinazopotea njiani, na zikizidi 0.2 kuna tatizo. Ilisoma 0.3. Akahamia upande wa pili, ncha moja kwenye mwili wa alteneta na nyingine kwenye kichwa cha hasi. Ikasoma 0.5. Yaani alteneta ilikuwa inatoa volti 14.2 na betri inapokea 13.4, na betri ya risasi na asidi ikilishwa 13.4 kwa miezi ni vigumu ijae kabisa; sahani zake zinaota ukoga mgumu wa salfeti na uwezo wake unakufa polepole.

Kosa lilikuwa kwenye athi. Waya wa hasi ulifungwa kwenye bloku ya injini kwa bolti iliyokuwa chini ya tabaka la rangi, vumbi na mafuta, na nyuzi zake za nje zilikuwa zimegeuka kijani. Mzee aliukata ule mwisho ulioliwa, akakwangua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, akabana kichwa kipya cha shaba kwa koleo lake kubwa la kubania, akafunga, kisha akapaka grisi juu. Grisi inapakwa baada ya kukaza. Ikitangulia inakaa katikati ya chuma na chuma. Akaongeza waya wa pili kutoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi na wa tatu kwenda kwenye bodi. Mita ikasoma 0.1. Kazi yote haikumaliza saa moja, na ilinipa umeme zaidi kuliko ambavyo alteneta mpya ingenipa peke yake.

Waya wa chanya nao una hesabu yake, na hesabu hiyo haihitaji shahada. Shaba yenye unene wa milimita ya mraba moja ina ukinzani wa ohmu 0.0175 kwa kila mita. Waya wa milimita 8 za mraba wenye urefu wa mita 2, ukipitisha ampea 100, unapoteza volti 0.44, na wati 44 zinageuka joto ndani ya plastiki yake. Waya wa milimita 35 kwa urefu uleule unapoteza kama volti 0.1 tu. Anayefunga alteneta ya ampea 130 na kuacha waya wa kiwandani amefanya kama mfugaji aliyepanua zizi akaacha mlango wa josho ulivyokuwa: ng'ombe hawataogeshwa haraka zaidi, watasongana tu. Na katika umeme, kusongana ni moto.

Kwenye Toyota nyingi waya huo haufiki kwenye betri moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye fyuzi kubwa ya bolti au kiungo cha kuyeyuka kilichopangwa kulingana na alteneta ya awali, mara nyingi cha ampea 80 au 100. Alteneta mpya ikianza kusukuma zaidi ya hapo, fyuzi hiyo inakatika, na ndipo unapomkuta mtu ameiruka kwa kipande cha waya "kwa muda". Njia iliyo sahihi ni kuacha mfumo wa zamani ulivyo, kisha kuvuta waya mnene wa pili kutoka kwenye bolti ya alteneta hadi kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake mwenyewe iliyo karibu na betri, isiyozidi urefu wa kiganja kutoka kwenye kichwa cha chanya. Kwa alteneta ya ampea 130, fyuzi ya 150 hadi 175 inatosha, mradi waya uweze kuubeba mzigo huo. Fyuzi inaulinda waya kuliko inavyokilinda kifaa. Kwenye waya huu hatari kubwa iko upande wa betri, kwa maana hata injini ikiwa imezimwa, waya ukichubuka na kugusa bodi, betri itamwaga ampea mamia mpaka kitu kiyeyuke.

Nimefungua boksi za fyuzi za magari ya watu na kukuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nyuzi za shaba zilizosokotwa, na mara moja msumari wa inchi mbili uliokatwa vizuri kabisa kwa kipimo. Fyuzi ndogo za kuchomeka zina rangi zake zinazojulikana, nyekundu ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30, na pakiti yake nzima haizidi bei ya chai na chapati za watu wachache. Sijawahi kupata maelezo ya kuridhisha kuhusu ule msumari.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linafanywa kwa nia njema na mbele ya mwenye gari. Fundi anataka kujua kama alteneta inachaji. Anawasha injini, anaipandisha, kisha anachomoa kichwa cha betri. Gari likiendelea kuunguruma, anatabasamu: alteneta nzima. Kipimo hicho kinakuambia tu kwamba kuna umeme wa kiasi fulani. Hakikuambii ni ampea ngapi, wala kama dayodi zote sita zinafanya kazi. Gharama yake, kinyume chake, inaweza kuwa kubwa. Wakati betri inapokea umeme, rota ina nguvu ya sumaku iliyojengeka ndani yake. Mzigo ukiondolewa ghafla, rejuleta inaamuru umeme wa rota upungue, lakini sumaku haizimiki papo hapo. Inachukua sehemu ya sekunde, na katika muda huo volti zinapaa kwa kuwa hakuna pa kwenda. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750 kinavijaribu vifaa vya magari ya volti 12 kwa mpigo wa volti 79 hadi 101 pale ambapo alteneta haina kinga. Alteneta nyingi za kisasa zina dayodi za aina ya zena zinazoukata mpigo huo kwenye volti 35 hivi, na hata 35 si mchezo kwa redio, kwa kompyuta ya friji ya chanjo, au kwa kontroli boksi ya gari la kisasa.

Mafundi wa zamani walizoea hivyo na hawakuona madhara, na nawaelewa. Dizeli ya zamani ilikuwa na taa, honi, waipa na kadhalika. Hapakuwa na cha kuungua. Desturi imebaki, magari yamebadilika. Mita ya bei ndogo inamaliza kazi hiyo bila kufungua kitu: injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 au 12.7, na ya nusu inasoma 12.2, injini ikiwaka inapaswa kupanda juu ya 13.8. Ukiigeuza mita kwenye kipimo cha umeme wa kupanda na kushuka na ikasoma zaidi ya nusu volti kwenye betri, shuku dayodi. Dayodi mbovu pia huvujisha umeme usiku gari likiwa limelala, na mara nyingi redio hulia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini.

Mpigo kama huo unaweza kutokea gari linaposhtuliwa kwa betri ya gari jingine. Unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari zima kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri yake, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni na cheche ya mwisho haitakiwi karibu nayo. Injini ikishawaka, iache sailensa na uwashe feni ya kabini hadi mwisho kabla ya kuchomoa nyaya, ili kuwe na mzigo wa kumeza mpigo. Vilevile, gari likipelekwa kuchomelewa chesisi, betri ichomolewe kwanza, injini ikiwa imezimwa, na athi ya mashine ibanwe jirani kabisa na mahali panapochomelewa.

Kuhusu kuchagua alteneta yenyewe, wenye 1HZ tuna kikwazo ambacho muuza spea hatakwambia usipomuuliza. Nyuma ya alteneta ya injini hii kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki, inayozungushwa na shafti ileile na kulainishwa na oili ya injini kwa mipira miwili. Alteneta kubwa iliyong'olewa kwenye gari la petroli, hata ikikaa kwenye bolti zote, itakuachia pedali ya breki ngumu kama jiwe. Ni lazima ije na pampu, au iwe ya kufungiwa pampu ya zamani, na kabla ya kuwasha injini mara ya kwanza pampu itiwe oili kidogo isizunguke kavu. Sili yake ikizeeka, oili huvujia ndani ya alteneta na kuziloanisha kaboni. Ukiona alteneta inafukuza kaboni mpya kila baada ya muda mfupi, tazama sili kabla ya kulaumu kaboni.

Namba za kwenye boksi zisikulevye. Nimeona alteneta iliyoandikwa 150 ambayo mita ya kubana waya haikuwahi kuivusha 90, hata injini ikipigishwa kelele. Kama duka lina mashine ya kupimia, ombeni ipimwe mbele yenu, ikiwa baridi na baada ya kupata moto, na muulize inatoa nini ikizunguka mara 2,000, maana hiyo ndiyo namba ya josho. Angalia pia soketi yake. Alteneta nyingi za Toyota zina waya wenye alama S unaosoma volti za betri kupitia fyuzi ndogo iliyoandikwa ALT-S. Waya huo ukilegea au kuunganishwa mahali pasipo, rejuleta inadanganyika, na betri inaweza kuchajiwa kupita kiasi hadi maji yake yachemke. Kwa joto la huku hilo ni hatari zaidi, kwa kuwa betri ikiwa moto inahitaji volti pungufu kidogo kuliko ikiwa baridi.

Mikanda nitaitaja kwa haraka. Ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400, na kwa kuwa alteneta hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwa joto, injini inatoa zaidi ya nguvu farasi tatu kuizungusha. Mkanda uliolegea utateleza, utalia na kung'arisha puli. Mikanda inayofanya kazi kwa jozi ibadilishwe kwa jozi.

Friji ya chanjo niliihamishia kwenye betri ya pili, inayounganishwa na ya kwanza kwa rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inayoziunganisha betri volti zikipita 13.3 na kuzitenganisha zikishuka chini ya 12.8, ili friji isije ikainyima stata umeme wake. Ila hata baada ya hapo ilikuwa inazima usiku, betri ikiwa bado na volti 12.3. Waya uliokuja nayo ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba, na kwenda na kurudi kutoka mbele hadi nyuma ni mita 12. Kwa ampea 5 zinapotea volti 0.7, na friji ikiona 11.6 inajizima kuilinda betri. Waya wa milimita 6 ulimaliza tatizo. Wanaofikiria betri ya lithiamu kwa kazi hii wajue kwamba ina ukinzani mdogo sana wa ndani, hivyo inavuta kila ampea alteneta inayoweza kutoa, hata injini ikiwa sailensa na feni ya alteneta haina kasi ya kuipoza. Bila chaja ya kati inayopunguza mvuto huo, alteneta inaweza kuungua ikiwa bado mpya.

Hivi sasa, kitufe cha mafuta kikiwa kimevutwa na mizigo yote ikiwa inafanya kazi, betri inasoma volti 14.1 muda wote wa chanjo. Kilichobaki ni matunzo: kupuliza vumbi la kiangazi kwenye matundu ya alteneta, kuwakataza vijana wa kuosha magari wasielekeze maji ya presha juu yake, na kupima kaboni, ambazo kwenye alteneta nyingi za Toyota huchomoza milimita 10.5 zikiwa mpya na hazitakiwi kushuka chini ya 1.5. Ile ya zamani ya ampea 80 niliisafisha, nikaiwekea kaboni na beringi mpya, na inasafiri nyuma ya kiti pamoja na pampu yake, ikiwa imeviringishwa kwenye gunia. Mzee wa Ng'ambo ameshaniuliza bei yake, na kila nikimjibu kwamba haiuzwi ananiambia niendelee kufikiri.